Wiki Mbili za Pumzi

Kazini niliaga naenda shamba, kuvuna korosho.
Agosti haina korosho, ila bosi wangu ni mtu wa bara.
Kumbe nipo hapa hapa Tudor, nusu saa kwa miguu toka kwangu,
bwenini mwa shule iliyofungwa,
kitanda cha juu, miguu nje kama ngazi ya kuazima,
na ubaoni mtoto kachonga kwa bikari:
NJAA NI SOMO LA TISA.

Tuko kumi na tisa.
Mfamasia wa Kaloleni na kayamba lake,
mapacha wanaogombania gambusi moja,
Bi Mwanakheri na pembe za vugo
alizozifunga kwa leso kama watoto wachanga.
Mimi nimekuja na kifua.
Miaka ishirini na miwili ya filimbi, raundabauti ya Makupa:
pumzi nilidhani ninayo.

Fundi Nyanje, rika la binti yangu, hakunipa zumari.
Alinipa glasi ya maji na mrija wa soda.
“Puliza. Mapovu yasikatike.
Vuta kwa pua, mashavu yalipe deni.”
Siku ya kwanza, mapovu manne.
Siku ya pili, maji puani, na machozi.
Siku ya tatu akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia.
Akacheka hata akakaa kitako.
“Ndiyo maana. Pumzi yako yote ni amri.
Hutoka mara moja, ikangoja kutiiwa.”

Kwenye chapuo kuna Kenga, dereva wa lori la saruji.
Siku nne ananitazama juu ya uji.
Ya tano akasema:
“Kibarani. Mvua ile kubwa.
Ulinisimamisha saa nne kwa taa ya nyuma.
Sikuwa na cha kukupa.
Turubai lilikuwa bovu. Mifuko mia tatu ikaloa, ikawa mawe.
Nimeilipa mifuko hiyo mwaka mzima.”
Nilitaka kusema nami nilikuwa na mkubwa wangu
aliyekuwa akingoja jioni.
Uji ukapoa.

Mchana ule ngoma ikawa taa, na taa i mkononi mwake.
Nikienda, anasita.
Nikisita, huyo, anakwenda.
Fundi Nyanje hakutia neno.
Alikuwa ananyoa kilimi cha jani la mkoma kwa wembe,
taratibu, akikilamba, akikipima kwa jua.

Usiku umeme ukipotea, mapangaboi yakifa,
nashuka msalani na kipande cha mpira na ndoo.
Usiku wa tisa mapovu hayakukatika.
Nilihesabu hadi mia mbili, nikasahau kuhesabu.
Shahidi ni mjusi tu,
na mjusi hasimami kortini.

Jioni ya mwisho walikuja mpishi, bawabu,
majirani na watoto wao, wakakaa juu ya madawati.
Nikaanza vizuri.
Katikati, mashavu yakafilisika.
Zumari likanyamaza kama barabara iliyokatika,
na nikajua Kenga atanipitia hapo
kwa magurudumu yake yote kumi.

Mkono wake ukabaki hewani.
Pigo la kwanza halikuja. La pili halikuja.
Alikuwa ananingoja.
Sisemi ni msamaha; dereva naye husimama
apate kuona utafanya nini.
Pua ikavuta. Sauti ikarudi, mbovu kidogo, ikaendelea,
na vugo la Bi Mwanakheri likaingia nyuma yetu, ko, ko,
kama mtu anayegonga mlango ulio wazi.

Asubuhi tuliagana kwa kichwa.
Alikuwa na mzigo wa Mariakani.

Jumatatu, Makupa. Saa moja na nusu.
Naweka filimbi mdomoni, na pua inavuta yenyewe,
mashavu yanashika, sauti haikatiki.
Magari yamesimama pande zote nne,
vioo vimeshushwa, watu wananitazama,
hawajui kama nimewaambia simama
au nimewaambia nenda.
Nami bado sijamaliza.