Soketi ya Matundu Mawili

Ilikuwa daku, mwezi kumi na saba Ramadhani,
bakuli la uji mapajani, jicho moja bado limelala,
simu ikatetemeka juu ya jamvi.
Kundi la Wana-Limbani Halisi.
Picha: mtoto kitandani, povu mdomoni.
Chini yake sauti ya mwanamke asiyejitaja:
"Jamani, mkate wa Mize Shaame una sumu.
Tuma kwa unaowapenda."

Nawapenda wengi mie.
Nikatuma kwa watu kumi na tisa,
nikasukutua, nikanuia funga.

Saa hiyo Mize alikuwa keshaloweka mchele,
keshakuna nazi nne, keshatwanga iliki,
mkate wa kumimina, sinia tano.
Kitochi chake hakioni picha.
Alasiri akapanga meza jirani na msikiti,
akafunika kila sinia kwa kawa,
akangoja.
Watu wakapita upande wa pili wa barabara
kama wapitao penye ndui.
Magharibi ikaadhiniwa, kawa hazijafunuliwa.
Siku ile waliofuturu vizuri ni mbuzi wa Asaa.

Kesho yake ukurasa mmoja wa habari
ukaandika kwa herufi nyekundu:
MKATE WA SUMU WETE, WAKAZI WADAI.
Mwandishi hakuvuka bahari, hakupiga hata simu.
Wakazi wadai!
Nikawatafuta hao wakazi, nikawapata:
wakazi ni mimi, na kidole gumba changu,
na uji wangu.

Na ukimwambia mtu, ngoja, hebu tuulize hospitali,
akujibu: lisemwalo lipo.

Mie ni fundi umeme. Kazi yangu kutazama kuta.
Usiku wa tatu nikaikuza ile picha,
kwa haya zaidi kuliko kwa akili.
Nikapita povu, nikapita shuka, nikapita mkono wa muuguzi,
nikafika ukutani:
soketi ya matundu mawili, ya duara.

Nimefunga soketi Wete, Konde, Micheweni,
wodi ya watoto nimeifunga kwa mikono hii.
Kwetu matundu ni matatu, yana pembe.
Mtoto yule hakulazwa Pemba.
Povu lile halijui mchele wa Mize.
Huenda sasa ni mtu mzima. Huenda ana wanawe.

Nikaandika kwa lugha niliyonyonya:
"Sumu hamna. Tazameni soketi."
Dakika tano, likaondolewa.
Ukaja ujumbe kwa Kiswahili cha kuazima:
Chapisho lako limekiuka viwango vya jamii yetu.
Jamii ipi? Ya Limbani mie naijua,
inakaa barazani, ina meno machache na deni dukani.
Mashine iliona sumu, haikuona hamna.
Nikaandika tena: "Mkate ni salama."
Hilo liliachwa. Wakalisoma wanne,
mmoja wao mamangu.
Ile sauti ilikuwa ishafika Mombasa.

Lisemwalo lipo, kama halipo laja.
Kweli, lilikuja.
Lilikuja deni la mchele,
zikaja sinia kuanikiwa karafuu za watu,
akaja mtoto wa Mize kutoka chuoni analia,
kaambiwa asimguse mwenziwe.

Idi tatu nikenda kwake.
"Ni mimi," nikasema. "Mmoja wao."
Akanitazama kama anayehesabu chenji.
"Wewe si fundi? Taa ya jikoni
inakonyeza tangu mfungo sita."
Nikapanda juu ya kiti, nikakaza waya.
Hakunisamehe, hakunifukuza.
Alinipa kipande, nikakila papo hapo juu ya kiti,
naye kasimama chini,
ananitazama kinywa.

Jana picha imenirudia,
kwa shemeji yangu wa Mkoani.
Safari hii ni maji ya kisima,
na jina ni la mwanamke mwengine.
Mtoto yule yule. Shuka ile ile.
Tuma kwa unaowapenda.

Nimekikunja kidole gumba ndani ya ngumi.
Ukutani, yale matundu mawili
yananikodolea,
yamekwisha nizoea.