Safu ya Chini

Mimi ni karani wa ghala, Barabara ya Kumi na Sita, Ngamiani.
Unga, saruji, sukari, na daftari la jalada jekundu:
kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki,
na safu nyembamba pembeni, kilichoharibika.
Tajiri Shehoza aliichora kwa rula mwaka tulipofungua.
"Hiyo," alisema, "ni ya panya."

Mwaka wa kwanza, kweli, ilikuwa ya panya.

Kisha vuli moja ikaja nje ya zamu yake,
ikapiga siku tisa, mtaro ukatapika,
na saruji ya safu ya chini
ikawa mawe yenye nembo ya kiwanda.
Mji wetu una sifa, waja leo waondoka leo.
Maji hayajaisikia. Yalikuja Jumatatu,
Ijumaa yalikuwa bado yameketi chini ya rafu
kama mdai.
Sababu? Nikaandika: Kudura.
Tajiri akatia sahihi. Nani apinge Kudura?

Mwaka uliofuata, mifuko thelathini na miwili. Kudura.
Uliofuata tena, sitini, na sukari ikawa uji mlangoni,
watoto wa mtaa wakaja na vikombe.
Kalamu ikasita kwenye herufi ya mwisho,
kama ya mtu anayemsingizia Mkubwa
asiyekuja kujitetea.

Wakatuita semina, hoteli moja Raskazone.
Kiyoyozi kinatuuma mabega.
Kijana akamulika ukutani mstari unaopanda,
akasema tabianchi, akasema vihatarishi vya biashara.
Tajiri akaninong'oneza: "Nchi nayo ina tabia?"
Tukacheka. Mimi nilicheka zaidi,
maana daftari lilikuwa mfukoni,
na ule mstari niliujua.
Ulikuwa mwandiko wangu.

Nyuma kabisa akasimama Bi Mwanaidi, mkulima wa mwani, Chongoleani.
"Mwani wangu unageuka mweupe,
unakatika mkononi kama mkate uliolowa.
Kamba nimezihamisha mara tatu, nayafuata maji ya baridi.
Mmekuja kuniambia kuna hatari?
Mimi nilidhani mmekuja na dawa."
Kimya.
Kisha tukatangaziwa sambusa,
tukapanga foleni, tukasaini posho.

Barua ya bima haikuwa na semina.
Mistari mitatu: ada imepanda maradufu,
mafuriko hayamo, wako mtiifu.
Neno Kudura hawakuliandika popote.
Tajiri aliisoma amesimama, akaisoma ameketi,
akaomba daftari.
Akafungua safu ya panya, kidole kikashuka,
ukurasa hata ukurasa,
mpaka chai ikafanya utando.
"Ulikuwa unajua?"
Nilikuwa naandika, nikasema.
Kujua ni kazi nyingine.

Kesho yake tukanunua chaga za mbao,
tukainua safu ya chini kimo cha goti.
Chambi, mpagazi wetu, mfupi kama kibao cha mbuzi,
akauliza: "Goti la nani?"
Hatukumjibu. Tukaongeza chaga ya pili.

Jioni akabaki mlangoni, kofia mkononi.
Zilizosalia, anaziomba.
Kwake bondeni kitanda ni kimoja,
watoto wanalala chini.

Nikampa nne.
Nikafungua daftari niziandike,
nikapitisha kalamu safu hii na hii,
kilichotoka, kilichobaki, kilichoharibika,
na hadi sasa ukurasa ule
uko wazi.