Faili la Marehemu Toktosun

Mkutubi Meerim aliskani kurasa mia mbili na sita;
doa la chai la ukurasa wa tisini akaliacha.
Barafu inavyokimbia mlima:
majira kumi na mawili, vipimo vya penseli.
Tasnifu ililala stoo chini ya ndoo za rangi,
panya wakaisoma kabla ya maprofesa.

"Na nani ataifungua?" mjane aliuliza,
koti hajavua.
Meerim akabonyeza.
Hazina ya chuo ikaimeza kimya.

Ijumaa, Naryn yote theluji,
hesabu ya waliopakua: mmoja.
Jumatatu: mmoja.
Hakumwambia mjane
kuwa huyo mmoja ni mkutubi, usiku,
akihakikisha doa limeonekana.

Jumatano:
wawili.