Mpunga Si Wali

Walitushusha pasipo kituo.
Behewa lilikuwa la ng'ombe, na ng'ombe
walituachia harufu yao mbaoni
kama mpangaji aachavyo misumari ukutani.
Siku thelathini na moja. Mama alizihesabu
kwa mafundo kwenye uzi; siku aliyokufa bibi Ryu
alifunga mawili.

Mlango ukafunguliwa: hakuna kitu.
Sisemi jangwa. Jangwa nililiona baadaye, lina adabu zake.
Hapa hapakuwa hata na kilima cha kuegemeza jicho.
Askari alisoma karatasi kwa Kirusi,
akaikunja, akapanda,
na garimoshi likaondoka na joto lote la dunia.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Sisi ilikuwa siku ile ile, na jembe lenyewe halikuwepo.
Tulichimba kwa bakuli, kwa kifuniko cha sufuria;
baba mdogo Hak-su alichimba kwa kiatu.
Juu ya nyasi hapakukalika. Ule upepo
haukuvuma, ulipekua:
mifukoni, masikioni, katikati ya meno.
Tukaingia ardhini kama viazi.
Tukaezeka matete, juu yake udongo, juu yake theluji,
ambayo ilitusaidia bila kukusudia.

Kwenye pindo la koti la mama mlikuwa na mpunga,
umeshonewa ndani mstari kwa mstari,
kiasi kwamba akitembea, koti lilinong'ona.
Mdogo wangu Chol-i, wa miaka minne,
alilala na sikio pindoni.
"Wali," alisema.
"Si wali."
"Mchele."
"Si mchele. Huu ni mpunga.
Mpunga haupikwi. Mpunga unangojwa."

Kanipa alikuja akifuata moshi wetu.
Mkate aliuficha kwapani usigande.
Hatukuwa na neno hata moja la kuazimana,
basi alitunyooshea vidole vitatu,
akavikunja kimoja kimoja,
akaonyesha ardhi.
Njaa yao ilikuwa imetutangulia miaka michache tu.
Alitufundisha kuchoma samadi kavu.
Mama naye akajenga sakafu ya kwetu:
mawe, mfereji wa moshi chini yake, udongo juu.
Kanipa alijilaza pale, akacheka peke yake,
akalala hadi asubuhi na viatu vyake.

Februari.
Usiku mmoja niliamka nikamwona mama
ameshika kisu juu ya pindo.
Chol-i alikuwa anapumua kama mtu anayepanda ngazi.
Sijui alikishika kisu kwa muda gani.
Sikumwambia kata.
Sikumwambia acha.
Nilifumba macho, na nilikuwa na miaka tisa,
na umri huo unajua.

Udongo ulikuwa jiwe. Sisi tuliochimba ili tuishi
hatukuweza kumchimbia yeye.
Tulimfunga kwenye mkeka tukamweka matetini,
na baba mdogo alikwenda kumtazama kila siku
hadi Aprili.

Kisha pindo likakatwa, mchana, mbele ya watu wote.
Maji ya kinamasi yalikuwa na chumvi;
nusu ya mbegu ilioza, na bata wakala sehemu yao.
Kona moja tu iliota,
kijani cha kutia aibu, mahali kila kitu kilipokuwa kijivu.
Septemba mama alipika.
Bakuli la kwanza lilikuwa la Kanipa, aliyezigeuza punje ulimini
kama anayezihesabu.
Mama alikula amesimama, ametupa mgongo.
Koti lake lilikuwa kimya.

Wajukuu wangu husema Kirusi,
na Kirusi kina neno moja kwa vyote vitatu.
Mpunga, mchele, wali: kwao ni kitu kimoja, hakina safari.
Siwalaumu.
Lakini mimi umbali ule naujua.
Ni kuanzia Februari mpaka Septemba,
na si kila mtu hufika.