Siku Kumi za Deni

Tulimwita Deni kwa kuwa alikuja badala ya deni.
Fundi Mrema alishindwa kurudisha mifuko miwili ya saruji,
akaleta mtoto wa mbwa ndani ya kapu la ndizi,
macho hayajafunguka vizuri, tumbo kama ngoma.
Miaka sita amekesha kihambani kwetu, hapa Uru.
Hakuna mkungu uliopotea.

Jumamosi, saa tano, napepeta maharage,
nikasikia mlio usio wa mbwa wala wa mtoto.
Ndeshi amesimama kando ya sufuria ya makande,
kiganja kimefunguka,
na Deni amelala chini, masikio nyuma,
kama aliyeumwa ni yeye.

Sabuni ya mche. Maji ya bomba.
Dakika kumi na tano, niliwahi kusikia redioni.
Nikahesabu kwa sauti, hesabu ikanipotea, nikaanza upya,
povu likawa jekundu,
likawa la waridi,
likachelewa sana kuwa jeupe.

Pale Mawenzi nesi akauliza: Nani kakuuma?
Ndeshi, miaka minne, akatazama viatu vyake.
Nimejikwaa.
Kwenye nini?
Kwenye meno.

Nesi hakucheka. Aliandika tarehe za sindano,
kisha akaulizia kadi nyingine, ya mbwa.
Ipo nyumbani, nikasema.
Ilikuwepo kweli, nyuma ya picha ya kipaimara,
chanjo ya mwisho mwaka juzi.
Hilo la mwaka juzi nilirudi nalo peke yangu.

Jioni sebule ilijaa.
Shemeji Aikaeli alikuja na nyama
na kitu kidogo kwenye kipande cha gazeti.
Mbwa akishaonja, ameonja.
Mama mkwe akataka apelekwe ng'ambo ya mto,
akakutane na watoto wa watu tusiowajua.
Baba Ndeshi hakusema neno. Alichukua jembe,
akachimba nyuma ya zizi
shimo refu kama mbwa aliyelala.

Bwana mifugo, Lyatuu, alifika na pikipiki, matope hadi magotini.
Mkimuua leo mtakuwa mmezika jibu.
Mfungeni siku kumi. Kama ni kichaa, atawaambia mwenyewe.
Na mtoto msimsubirishe, achomwe zote.

Siku ya kwanza alikunywa maji.
Ya pili alikunywa maji.
Sikujua kama ipo siku ningemshukuru Mungu
kwa mbwa kunywa maji.
Ya nne, mvua; alilamba mnyororo.
Ya sita Ndeshi aliuliza, toka dirishani,
kama Deni naye anachomwa sindano.
Ya saba sikwenda. Nilimchukia siku nzima,
nikapika, nikafua, nikamchukia.
Ya tisa nikaikumbuka sufuria.
Mimi ndiye niliyeiweka pale mlangoni,
kwa kuchoka kuzunguka nyumba.

Ya kumi akasimama, akajinyoosha, akapiga miayo,
mzima, kama aliyetoka safari.
Hapo ndipo ugumu ulipoanza.
Kichaa kingetuamulia.
Uzima ulituachia sisi.

Dawa ya deni kulipa, sawa,
lakini nani hapa anamdai nani?
Usiku wote wa miaka sita uko upande huu,
alama nne za kiganjani upande ule,
na mizani ya kupimia sina.

Tumejenga uzio wa mbao za mgrevilea,
komeo juu, mahali ambapo Ndeshi
hatapafikia hadi atimize miaka minane.
Deni anakula ndani yake, peke yake.
Kadi imerudi nyuma ya picha, ina tarehe mpya.
Kwenye shimo tumepanda mgomba, mshare;
Aikaeli anasema tumeharibu shimo zuri.

Sijamsamehe. Sijajisamehe pia, na siku zinakwenda.
Usiku akibweka naamka mara mbili:
mara ya kwanza kusikiliza kihamba,
mara ya pili kuhesabu, gizani,
vidole vya mtoto.