Jibu kwa Semeni Kuhusu Kiwanja

Umeniuliza kiwanja cha baba kina thamani gani.
Dalali alikuja juzi, Mapunda, yule wa viatu vyeupe,
akakihesabu kwa hatua, arobaini kwa thelathini na tano,
akapangusa kiatu kwa jani la mkorosho, akataja bei.
Hakuinama hata mara moja.

Mimi nimeinama. Nimechukua sururu na ndoo
nikachimba hadi kiunoni,
maana bei ya Mapunda ni bei ya ngozi,
na Mabwepande haina ngozi moja.

Kiganja cha kwanza ni vumbi la kijivu
linaloletwa na kusi kutoka kilima cha saruji.
Unakumbuka mama akiosha matembele maji matatu
na bado tukatafuna Tegeta.
Chini yake kichanga, chekundu kama kutu ya bati:
ukikibana kinakubali, ukifungua kiganja kinakana.
Mvua ya masika hupita humo kama mgeni wa mlangoni,
hakai, hanywi chai,
na akiondoka, mbolea imo mfukoni mwake.
Ndiyo sababu mahindi yetu yalitoa mbelewele yakiwa magotini
na muhogo, jirani yake, ukanenepa bila haya.

Kule chini, kwenye mkondo unaotafuta Mpiji,
udongo ni mweusi, mfinyanzi,
unashika jembe kama mdai.
Nimeuviringisha ukawa kamba,
nikaikunja kamba ikawa pete, haikukatika.
Februari unapasuka nyufa za kumeza mkono.
Aprili unameza ndara.
Yangu imo humo tangu darasa la tano.
Na yako moja, ya kushoto, uliyosema imeibwa.

Bi Helieth, bibi shamba wa kata, alikuja na karatasi zake,
akachovya, akasoma, akasema uchachu si mbaya.
Kisima, akasema, kina chumvi kuanzia Septemba;
mnazi tu ndio hautalalamika.
Kisha akaingia shimoni yeye mwenyewe, na sketi yake,
akagusa ukuta wa shimo kwa kidole,
akaniuliza: Hiki nani alikiweka?

Semeni, kuna tabaka pale juu, penye kichanga,
kati ya mkorosho na choo cha zamani,
hatua kumi na mbili kwa tisa, nimezipima,
tabaka la kahawia nzito, kina cha mkono hadi kiwiko.
Lina pumba za mpunga, jivu, maganda ya mayai,
udongo wa kichuguu, na ule mweusi wa bondeni
uliopandishwa mlima.
Mto haupandi mlima.

Jumamosi zile, ndoo mbili na mti begani,
sisi tukicheka kwamba mzee anahamisha shamba
kutoka shambani kwenda shambani.
Miaka kumi na moja.
Hakutueleza, na sisi hatukuuliza,
tulikula tu bamia zake na nyanya chungu
tukadhani zimeota.

Nimetia udongo wa tabaka hilo kwenye chupa ya asali,
nikajaza maji, nikatikisa, nikaiweka dirishani.
Mchanga ulikaa kabla sijakaza kifuniko.
Tope laini lilichukua muda wa kuivisha maharage.
Mfinyanzi bado unaelea, maji yana rangi ya chai ya maziwa,
na huu ni usiku wa pili.

Mapunda amepiga simu mara tatu.
Ana mteja wa Mbweni, anataka kumwaga zege kabla ya vuli.
Kitu cha kwanza, anasema, watakwangua udongo wa juu,
hauna kazi, ni laini mno kubeba nyumba.

Nimemwambia chupa haijatulia.
Amenyamaza, kisha akauliza chupa gani.

Usisaini chochote huko uliko.
Nitakupigia maji yakiwa meupe.