Buluu Inayobaki Mchangani

Kabla jua halijashika makali
wanawake wa Kanem wamekwisha ingia hadi magotini
katika maji ya magadi, mazito kama uji wa mgonjwa.
Upepo wa usiku umesukuma mwani wote ukingo mmoja.
Mama yangu, Yagana, hachoti ovyo.
Anasubiri povu lipite,
anainamisha kibuyu kidogo tu,
anaitwaa ngozi ya ziwa bila kuichana.

Kisha mchanga. Anachimba sahani pana,
anailainisha kwa kiganja, anamimina.
Maji yanazama, kijani kinabaki, kinaganda,
na pembeni, panapochuruzika,
inatoka ile ambayo utotoni sikuijua jina:
buluu,
buluu ya nili, ya shuka la harusi
linapofuliwa mara ya kwanza.
Tulichovya vidole, tukajipaka kope.
Mama akatukemea:
hilo ni jasho la mkate, liacheni.

Leo jina ninalo. Fikosianini.
Nimelisomea miaka sita Njamena,
nimelipima kwa mashine inayouliza nuru
umepotelea wapi.
Bwana Ngarmaji, mkuu wa maabara, husema rangi ni kinywa:
mwani hula mwanga kwa rangi zake,
kijani hula mwekundu,
buluu hula ule wa rangi ya chungwa.
Na sisi tunaoula mwani?
Panya waliovimba miguu walinyweshwa, uvimbe ukashuka.
Chembe hai ndani ya bilauri zilichelewa kushika kutu.
Watu? Wachache, kwa muda mfupi,
na majibu yanasuasua kama punda aliyeona daraja.

Likizo nilirudi na karatasi.
Mama akanyoosha magoti yake, yamejaa kama maboga machanga,
akasema: Soma.
Nikasoma. Mkate wako una protini. Una chuma.
Una manjano iliyojificha chini ya kijani,
ndugu yake karoti, rafiki wa macho ya watoto.
Sumu tuliitafuta, hatukuiona.

Na buluu?

Nikameza mate.
Jua linaila, mama. Joto linaivunja,
na iliyochuruzika inanywewa na mchanga.
Katika kipande ulichonipa
imebaki robo, pengine pungufu.

Kimya. Kisha Kaltuma, jirani yetu,
akacheka hadi ungo ukamponyoka:
Kumbe miaka yote tunautibu mchanga!
Na mchanga, akasema, haujawahi kulalamika magoti.

Kesho yake mama alitangulia na kitambaa.
Alikilaza pembeni mwa sahani, kikanywa,
akakifunga gotini, buluu ikamtiririka hadi kisigino.
Nilitaka kusema: ile dawa ya panya ilinywewa, haikufungwa.
Nilitaka kusema: goti moja si utafiti.
Nikatoa daftari, nikaandika tarehe.

Siku ya nne alisimama bila kushika ukuta.

Huenda ni buluu.
Huenda ni ubaridi wa kitambaa kilicholowa.
Huenda ni mimi, niliyemchotea maji
siku zote nne, yeye amekaa.
Nikaandika yote matatu.
Mama akachungulia ukurasa asioweza kuusoma,
akaweka kidole, bado kina rangi,
kwenye mstari wa mwisho.